Nyumba za Samaki Kule Kisongo

Mama yangu alipofika Arusha, jambo la kwanza aliloniuliza ni bahari iko upande gani. Hakuuliza choo kiko wapi, wala atalala chumba kipi. Tulikuwa tumesimama uani kwetu Kaloleni, yeye amejitanda khanga mbili juu ya sweta niliyomnunulia njiani, na mimi kwa kubahatisha nikanyoosha mkono kuelekea ukuta wa jirani. Tangu siku hiyo kigoda chake kilielekea ukuta ule. Wapangaji wenzangu walidhani bibi wa watu amenuna.

Nilimleta kwa ubishi wangu mwenyewe. Baba alikuwa ameshafariki, kaka yangu yuko Dar na mambo yake, na mama aliteleza ukumbini kwake kule Pangani, akalala pale chini mpaka jirani alipoingia kuomba chumvi. Nilipopata habari nilifunika cherehani, nikapanda basi kwenda kumchukua. Hakutaka. Nikamwambia yote ambayo watoto huwaambia wazazi wao: hospitali ziko karibu, nitakuona kila siku, utapumzika. Nilimwambia apumzike mwanamke ambaye tangu usichana wake aliamka kwa kufuata maji ya bahari, si saa ya ukutani.

Nilitaka akae nami, akae moja kwa moja. Niliolewa huku bara miaka mingi iliyopita, wateja wangu wako huku, na bado mwezi mpevu ukichomoza juu ya mabati ya Kaloleni najua bila kuambiwa kwamba kesho asubuhi, kwetu, maji yatakupwa mbali na mwamba utabaki mtupu. Najua, halafu narudi kushona sare za shule. Kujua huko kunauma. Nilijiambia kwamba mama akilala chumba cha pili, nusu ya kwetu itakuwa imenifuata.

Kumbe aliyelala chumba cha pili hakuwa mama niliyemjua. Alifika wakati wa baridi, akaingia ndani ya blanketi, akanyamaza. Chakula alikigusa kwa adabu tu. Nilimnunulia samaki sokoni, sato mnene aliyeletwa na barafu kutoka ziwani. Akamgeuza kwa kijiko, akamtazama jicho.

"Huyu kafa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza majini, mara ya pili ndani ya sanduku."

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Yeye ni mtu wa upande wa Kisongo, kwao ni watu wa ng'ombe. Aliponioa alikubali dini, akakubali jina jipya, akakubali hata pilau ya mama yenye bizari nyingi. Kilichomshinda ni samaki. Kwao wazee walimwita nyoka wa majini, na ingawa siku hizi vijana wengi wa kwao wanamla bila wasiwasi, yeye harufu tu ikipita anahamisha sahani yake uani. Tumeishi hivyo kwa amani. Ninapika samaki mara chache, na ninapopika nakula peke yangu.

Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ila kila baada ya siku chache, nikimpelekea chai, alisema neno moja tu: "Nirudishe." Nikisema baridi itapita, anasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu mlinipa blanketi la pili." Nikicheka, hacheki.

Hapo ndipo nilipokumbuka lambo.

Kule kwao mume wangu, ng'ambo ya Kisongo, kuna bwawa la kunyweshea mifugo. Lilichimbwa zamani kwa mashine, likazungushiwa tuta upande mmoja. Masika likijaa ni maji hasa, mtu akisimama ng'ambo humtambui sura. Kiangazi kikikaza linanywea mpaka linabaki dimbwi katikati, na ng'ombe wanatembea juu ya sakafu yake. Kuna mtu aliwahi kupandikiza perege humo, na kambare walikuja wenyewe, wanavyojua wao. Wenye ng'ombe hawakuwa na haja nao. Nikawaza: mama akipata samaki aliyekufa mara moja tu, aliyevuliwa na mkono anaoujua, atakula. Akila, atakaa.

Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali, lambo limekauka vibaya. Nilimwambia mama, "Kesho nakupeleka mahali maji yamekupwa."

Akanitazama. "Huku bara maji yanakupwa?"

"Mara moja kwa mwaka."

Akalitupa blanketi pembeni.

Lazima nieleze hapa mama alikuwa mvuvi wa namna gani. Kwetu, siku za bamvua, bahari ikivuta maji yake mpaka mwamba ukawa wazi, wanawake huinama kutafuta pweza na chaza. Mama hakuinama. Alitembea wima na fimbo yake, akikagua. Alikuwa mtu wa mshipi na ndoano, na alisema mtu wa mshipi anavua mara mbili: mara ya kwanza kwa miguu wakati maji hayapo, mara ya pili kwa mkono yakisharudi. Alitazama mashimo, na mifereji ambamo maji huingilia, na majabali yenye kivuli chini yake. Chewa hukaa mlangoni, alinifundisha, changu ni wapita njia. Akishapapenda mahali alisimama hapo hapo, akatafuta alama nchi kavu. Mnara wa msikiti uwe juu ya mnazi fulani, pembe ya ghala iwe juu ya mdomo wa mto. Maji yakijaa mahali pale hapaonekani tena, ila mnara upo na mnazi upo. Kijiti hakusimika hata siku moja. Kusimika kijiti, alisema, ni kumwalika jirani.

Bajaji ilitushusha karibu na nyumba ya wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye anaishi pembeni mwa lambo. Yeye alikuwa ameshashuka na ng'ombe wake. Alipomwona mama akaja kuinamisha kichwa, kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, mama akamwekea mkono utosini.

"Shikamoo, yeyo," akamwamkia, yaani mama kwa lugha yao.

"Marahaba, mwanangu. Haya ndiyo maji yenu?"

"Ndiyo hayo, yeyo. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Yametoka tu."

Mama akavua viatu. Akapandisha khanga mpaka magotini, akashika mti wa ufagio niliompa, akateremka kwenye tope lililokauka. Nilimfuata nyuma nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili, tayari kumdaka. Hakuhitaji. Sakafu ya lambo ilikuwa imepasuka vipande vipande, na nyayo za ng'ombe zilikuwa zimekauka zikawa vishimo vigumu vya kumvunja mtu kifundo cha mguu, lakini yeye aliweka mguu, akaupima, akauamini, akaweka mwingine. Mti wa ufagio ulitangulia, ukigonga. Mgongo ulinyooka. Nilikuwa sijauona mgongo ule umenyooka tangu aje Arusha.

Wifi alisimama kwenye tuta na fimbo yake ya kuchungia, haamini macho yake. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Yeyo, kwani umepoteza nini huko? Hereni?"

"Nakagua nyumba," mama akajibu bila kugeuka. "Wenyewe wamesafiri."

Wifi alicheka hadi ng'ombe wakainua vichwa. Lakini alishuka, akatufuata, na baada ya muda akawa anaonyesha. Hapa mashine ilichimba udongo wa kujengea tuta, pameingia chini kuliko pengine. Pale palikuwa na migunga, wakaikata wakaacha visiki. Njia hii ndiyo wanayoteremkia ng'ombe kila siku, maji hapa huwa machafu daima. Mama alipokea kila neno akaligonga kwa mti wake. Akaingia ndani ya lile handaki la mashine mpaka tukabaki tunaona kilemba tu. Akatoka, akazunguka kisiki kimoja kikubwa kilichokaa ukingoni mwa handaki, mizizi yake imetokeza upande wa chini. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya mizizi hadi kwenye bega.

"Hapa," akasema. "Ng'ombe wanachafua kule, chakula kinaletwa huku, na hapa kuna pa kujiegemeza. Samaki hana tofauti na mtu, hakai pasipo na mgongo. Mkubwa wao anakaa hapa."

Kisha akasimama juu ya kisiki kile, akatafuta alama.

Mlima Meru siku ile ulikuwa wazi wote, kuanzia misitu hadi kileleni, umesogea karibu kama unaweza kuugusa. Upande mwingine kulikuwa na paa la wifi, bati jipya linang'aa, na mgunga mmoja uliobaki. Tulipanda juu ya tuta, akanitembeza mbele na nyuma hadi akaridhika. Nisimame pale ambapo paa la wifi linaugusa mgunga, halafu nigeuke, nitupe mshipi kuelekea kilele cha mlima. Alinifanya nirudie kwa mdomo, na kila nilipokosea alinipiga begani kidogo, vile vile alivyonipiga nilipokuwa na meno ya utoto.

"Tuchomeke kijiti, wifi," wifi akasema. "Si rahisi zaidi?"

Mama na mimi tulimkatalia kwa pamoja.

Siku ile alikula. Alikula ugali na maharage, akaomba tena, akamsimulia mume wangu habari za chewa aliyewahi kumvuta hadi kifuani majini. Mume wangu, ambaye kwa heshima za kwao hukaa mbali kidogo na mama mkwe wake, alisogeza kiti bila kujua. Nilikuwa nikiosha vyombo na moyo wangu unaimba. Nimeweza, nilijiambia. Mvua zije tu.

Hazikuwahi. Wiki haikuisha, asubuhi nikamkuta mama amekaa kitandani, khanga zake zimekunjwa ndani ya mkoba.

"Nilidhani miguu yangu imekufa," akaniambia, taratibu kabisa. "Kumbe ilikosa pa kwenda. Nirudishe, mwanangu. Sasa nakuomba kwa miguu yangu yote miwili."

Nilipinga. Nilimkumbusha alivyoanguka. Akasema ataishi na binti wa mama mdogo, amekwisha kuongea naye kwa simu ya mpangaji mwenzangu. Nikamwambia habari za lambo, na kisiki, na yule mkubwa anayekaa chini ya mizizi. Akasema huyo kaniachia mimi. Nikalia, mtu mzima mimi, nikasema maneno ambayo sikuyapanga, kwamba ananiacha. Akanishika kidevu.

"Mwenda tezi na omo marejeo ngamani," akasema, kwamba apitaye nyuma na mbele ya chombo mwisho hurudi tumboni mwake. "Wewe nani kakuambia ngama yako si huku? Una mume huku. Mimi yangu iko kule."

Nilimtafuta mume wangu anisaidie kumzuia. Alikuwa ukumbini, amesikia yote. "Mwache mama aende," akasema. "Tumempeleka wenyewe akajikumbuke." Nilimnunia siku mbili, kisha nikaenda kukata tiketi.

Masika ikaja. Lambo lilijaa, na Jumamosi moja nikafunga duka mapema, nikachukua mshipi, ndoano, risasi ya kuuzamishia, na kopo la minyoo, nikaenda Kisongo. Nilipanda juu ya tuta. Nikatafuta paa la wifi, sikuliona. Mahindi yake yalikuwa yamepanda yakalimeza, bati, milango na yote. Nikageuka kutafuta kilele. Hapakuwa na kilele. Hapakuwa na mlima. Palikuwa na wingu limekaa chini mpaka kwenye mashamba, kama ilivyo kila masika katika mji huu, jambo ambalo kila mtoto wa Arusha analijua na mimi nalijua kwa miaka yote niliyoanika nguo zisikauke. Ila siku ile ya kukagua nilikuwa mtoto wa Pangani tena, na kule mnara hausafiri, na mnazi haufichwi na mnazi mwenzake.

Nilitupa mshipi kwa kubuni. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nilipata vijiperege vya kuhurumiwa, nikavirudisha. Mwisho nikampigia mama.

"Mlima umepotea," nikamwambia.

"Mlima unapoteaje?"

"Wingu, mama."

"Si usubiri lipite?"

"Limekaa karibu mwezi."

"Na huko ndiko ulikotaka nikae," akasema, na tukacheka sote wawili, mimi nikicheka huku nafuta macho.

Wifi ndiye aliyeniokoa upande mmoja. Siku moja alinikuta nimelowa kwenye tuta, nimekasirika, nikamweleza habari za paa. Aliguna kwa namna yake, bila shaka akikumbuka kijiti alichokataliwa. Akaenda kwake, akachukua mti mrefu wa kuangulia maparachichi, akafunga shuka yake nyekundu kwenye ncha, akausimamisha ubavuni mwa nyumba. Kitambaa kikatokeza juu ya mahindi. Nikasogea hadi shuka ikagusa mgunga. Sasa nilijua pa kusimama, ila sikujua pa kutupa. Nikakaa chini, nikasubiri mlima.

Nilisubiri sana. Nilikuwa namsubiri mama pia, nitasema kweli, kana kwamba wingu likifunguka atakuwa amesimama ng'ambo na mti wake wa ufagio. Nilitazama maji yaliyofunika sakafu tuliyoitembea na nikatamani yakauke yote, niione tena njia aliyopita. Mvua iliyoleta samaki ndiyo iliyofuta nyayo zake, na siku ile sikuipenda.

Alasiri wingu likapasuka. Halikufunguka lote, lilichanika tu juu, kilele kikatokeza cheusi, kimelowa, kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Nikarusha. Risasi ilizama, nikahisi inagusa, inateleza, inaning'inia ukingoni. Nikaiacha. Wingu likafunga. Kisha mshipi ukavutwa, si kwa pupa, bali kwa uzito wa mwenye nyumba aliyeamshwa. Nilipiga kelele. Wifi aliacha ng'ombe akaja mbio, akanishika kiunoni nisiporomoke, na kwa pamoja tukamtoa. Kambare, mweusi, mwenye ndevu, mrefu kuliko mkono wangu. Wifi alipomwona vizuri aliniachia kiuno akaruka nyuma, akamtaja Mungu kwa Kimaasai.

Nilimpika jioni ile ile. Kwanza nilimsugua kwa majivu na ndimu kuondoa utelezi, nikamkaanga, nikamrudisha kwenye tui zito na ukwaju, pilipili nzima juu. Nyumba nzima ilinuka kwetu. Mume wangu alinipa hongera, akanisifu kwa moyo kabisa, akachukua sahani yake ya maharage akaenda uani. Nilitandika mkeka, nikaweka sinia katikati. Nikampigia mama.

Alitaka kujua yote. Alivutaje, alikuwa upande gani wa kisiki, nimetia ukwaju au embe mbichi. Nilimwambia alikuwa pale pale aliposema. Nilimsikia akimrukia binti wa mama mdogo kwa furaha, akirudia: pale pale! Kisha akarudi kwenye simu, akauliza swali la kawaida kabisa, ambalo kwetu huulizwa kila mtu aliyepata samaki mkubwa.

"Haya, unamla na nani?"

Niliangalia sinia. Nje nilisikia kijiko cha mume wangu kikigonga sahani.

"Peke yangu, mama."

Hakusema pole.

"Usikate," akasema. "Weka simu chini karibu na sinia. Kula, nikusikie."

Nikaiweka. Nikasema bismillahi, naye akaitikia ng'ambo kule, nikamega. Alikuwa mtamu, na machozi yalikuwa yananishukia mdomoni pamoja na tui. Kila nilipomeza sauti ya mama ilitoka pale mkekani, kubwa, ya mtu asiyeiamini simu: "Angalia miiba. Umeangalia miiba?" Kambare hana miiba midogo ya kumsumbua mtu, lakini mama hakuwahi kumla, hajui. Sikumwambia. Kila alipouliza nilijibu, "Naangalia, mama," nikamega kidogo kidogo, ili aulize tena.